Rimoti Tano Katika Sebule Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Televisheni, King'amuzi na Sabufa

Nyumba inayozungumziwa hapa iko Tabata, Dar es Salaam, na vifaa vyake ni vile vinavyokutwa katika sebule nyingi za mji huo: televisheni bapa ya inchi 43, king'amuzi cha kulipia kwa mwezi, na sabufa yenye spika mbili ndogo za pembeni. Wanaoishi humo ni mama mwenye nyumba, anayeondoka alfajiri kwenda kazini, wanawe watatu, na bibi yao mzaa mama, ambaye macho yake yamepungua nguvu na ndiye anayekaa na televisheni kwa saa nyingi kuliko wote. Niliitwa pale kama fundi kwa lalamiko moja. Kila kifaa kilikuwa kizima na kila rimoti ilikuwa na betri mpya, lakini bibi akiachwa peke yake hakuweza kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kumwita mjukuu.

Kabla sijaitwa, familia ilikuwa imekwisha kununua rimoti mbili za kuendesha vifaa vyote kwa pamoja, na zote mbili zilikuwa zimeshindwa. Ukijumlisha na tatu zilizokuja na vifaa vyenyewe, kikapu kidogo cha ukili kilichokuwa juu ya meza kilibeba rimoti tano, na hakuna hata moja iliyotosha. Kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu kwa sababu mtu akisoma malalamiko peke yake atashauri kununua rimoti ya sita iliyo bora zaidi, na ushauri huo usingesaidia kitu.

Rimoti zimeongezeka majumbani kwa sababu inayoeleweka. Wakati wa matangazo ya analojia, waya wa antena uliingia moja kwa moja nyuma ya televisheni, na rimoti ya televisheni ndiyo iliyobadilisha chaneli na kupandisha sauti. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ya Tanzania ikafuata kwa awamu. Tangu hapo, katika nyumba nyingi televisheni imebaki kuwa kioo cha kuonyeshea, chaneli zimehamia kwenye king'amuzi, na sauti imehamia kwenye sabufa kwa kila familia isiyoridhika na spika nyembamba za televisheni bapa. Tendo moja la kuangalia habari limegawanywa kati ya mashine tatu zilizotengenezwa na watu wasiofahamiana, na kila moja imekuja na rimoti yake.

Nilimsalimia bibi, nikamwuliza anataka rimoti imfanyie nini. Alijibu bila kusita: "Mwanangu, mimi nataka kuwasha, kuzima, sauti na chaneli. Hayo mengine ni ya watoto." Jibu hilo lilinipa kipimo cha kazi nzima, na nasikitika kwamba mafundi wengi tunaanza kufungua vifaa kabla ya kuuliza swali hilo. Rimoti ya king'amuzi peke yake ilikuwa na vitufe zaidi ya arobaini, wakati mtumiaji wake mkuu alihitaji sita au saba pamoja na tarakimu.

Nilianza na waya, kwa kuwa rimoti haiwezi kurekebisha kebo iliyochomekwa pasipofaa. King'amuzi kiliunganishwa na televisheni kwa kebo ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, lakini ile nyekundu na nyeupe, yaani za sauti, zilikuwa zimeng'olewa kwenye televisheni na kuingizwa kwenye sabufa. Picha ilipita njia moja na sauti njia nyingine. Matokeo yake, sauti ilikuwa na wasimamizi wawili waliopangwa mmoja nyuma ya mwingine, king'amuzi kikitoa kiwango chake na sabufa ikikipandisha au kukishusha, huku vitufe vya sauti vya televisheni vikiwa havina kazi yoyote. Watoto walipotaka kuangalia filamu iliyo kwenye flashi iliyochomekwa kwenye televisheni, sabufa ilibaki kimya na televisheni nayo ilikuwa imeshushwa hadi sifuri, hivyo wakaanza kutafuta rimoti ya tatu.

Dalili iliyowasumbua zaidi ilikuwa ya ajabu. Bibi alipobonyeza kitufe cha kushuka chaneli kwenye rimoti ya king'amuzi, chaneli ilibadilika kama ilivyotakiwa, lakini sauti nayo ilipungua kidogo. Akishuka chaneli kadhaa mfululizo, sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameishi na jambo hilo kwa muda mrefu akiamini kwamba baadhi ya vituo hurusha matangazo yao kwa sauti hafifu, na familia yote ilikubaliana naye. Kitufe cha menyu nacho, mara kwa mara, kilinyamazisha sabufa kabisa.

Kulielewa hilo kunahitaji kujua rimoti inasema nini inapobonyezwa. Taa ndogo iliyo kwenye kichwa cha rimoti hutoa mwanga wa infraredi, ambao kwa rimoti nyingi una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, mbali na upeo wa macho ya binadamu. Mwanga huo hupepesa kwa kasi ya takriban mara 38,000 kwa sekunde ili kipokezi kiweze kuutofautisha na mwanga wa jua na wa taa za ndani, na ndani ya mpepeso huo ujumbe huandikwa kwa vipindi vya kuwaka na kunyamaza. Utaratibu mmoja wa kuuandika ujumbe huo, unaotumiwa sana katika vifaa vya bei nafuu, unaitwa NEC, kwa jina la kampuni ya Japani. Huanza kwa mwako wa milisekunde 9 na ukimya wa milisekunde 4.5, kisha hufuata biti 32, yaani alama za sifuri au moja: nane za anwani ya kifaa, nane zinazorudia anwani hiyo ikiwa imegeuzwa, sifuri ikawa moja na moja ikawa sifuri, nane za amri, na nane zinazorudia amri ikiwa imegeuzwa. Kugeuza huko ni njia ya kuhakiki, ili kipokezi kikatae ujumbe ulioharibika njiani.

Anwani ndiyo inayopaswa kutenganisha kifaa kimoja na kingine, na biti nane zinatoa anwani 256 za kuchagua. Hata hivyo, wapo watengenezaji wa vifaa rahisi wanaoiacha anwani ikiwa sifuri. Nilichukua kipokezi cha miguu mitatu kilichounganishwa na bodi ndogo ya Arduino, yaani kikompyuta cha kupangiwa kazi, nikasoma rimoti zote tatu za asili. Televisheni ilikuwa na anwani yake. King'amuzi na sabufa vyote vilikuwa na anwani sifuri, na nambari ya amri ya kushuka chaneli kwenye king'amuzi ilikuwa ile ile ya kupunguza sauti kwenye sabufa. Kwa hiyo sabufa haikuwa na kosa lolote la kiufundi; ilisikia anwani yake ikitajwa na amri inayoifahamu ikitolewa, ikatii.

Mtu asiye na kifaa cha kusomea misimbo anaweza kufika kwenye hitimisho hilo hilo kwa kiganja cha mkono. Aweke kiganja mbele ya jicho la sabufa, yaani kipokezi chake cha infraredi, abonyeze kitufe kinachotiliwa shaka, na kama sauti haishuki tena basi mgongano umethibitishwa. Na kama shaka ni ya rimoti yenyewe, kamera ya simu huonyesha taa ya rimoti ikimetameta kwa rangi ya zambarau au nyeupe kila kitufe kinapobonyezwa. Kamera ya mbele hufaa zaidi, kwa kuwa kamera za nyuma za simu nyingi zina chujio kali la infraredi. Kipimo cha kamera kinaonyesha tu kwamba rimoti inasema, hakionyeshi inasema nini, na kwa hiyo hapa kisingetosha.

Baada ya kuelewa hayo, ilikuwa rahisi kuona kwa nini rimoti mbili zilizonunuliwa hazikufaa.

Ya kwanza ilikuwa ya orodha ya misimbo, aina inayouzwa kwa elfu chache Kariakoo na kwa wamachinga wa barabarani. Ndani yake kuna hifadhi ya misimbo ya chapa nyingi, na mnunuzi huipanga kwa kuingiza nambari kutoka kwenye karatasi iliyokuja nayo, au kwa kuiacha ijitafutie yenyewe: unashikilia kitufe cha kuseti mpaka taa iwake, rimoti inapitia misimbo mmoja baada ya mwingine, na televisheni ikiitikia unabonyeza kitufe kuisimamisha. Mjukuu mkubwa alitumia njia ya pili. Televisheni ilizima, akasimamisha, akaamini kazi imekwisha. Lakini chapa moja ya televisheni inaweza kuwa na seti kadhaa za misimbo zinazoshirikiana kitufe cha kuzimia na kutofautiana katika vingine, na utafutaji husimama kwenye seti ya kwanza inayoitikia, ambayo si lazima iwe ndiyo sahihi. Ndiyo maana rimoti hiyo iliwasha na kuzima televisheni bila tatizo, lakini haikuweza kubadilisha mlango wa kuingizia picha. Ilimpasa aendelee kutafuta na kujaribu vitufe vingine kabla ya kuhifadhi. Pia rimoti hiyo ilikuwa na vitufe vya juu vya kuchagua kifaa kinachoendeshwa kwa wakati huo, na bibi alitakiwa kukumbuka kama sasa yuko kwenye televisheni au kwenye king'amuzi, jambo ambalo halionekani popote kwenye rimoti. Betri zilipobadilishwa, hifadhi ikafutika na kila kitu kikaanza upya. Familia iliitupa kikapuni, na sikuwalaumu.

Ya pili ilikuwa ya kujifunza. Aina hii haitegemei orodha. Unaielekeza kichwa kwa kichwa na rimoti ya asili, inasikiliza msimbo na kuuhifadhi kwenye kitufe unachokichagua. Mjukuu aliifundisha kwa uangalifu mkubwa, na akatumia uwezo wake wa kutoa amri kadhaa kwa mfuatano, hivi kwamba kitufe kimoja chekundu kilituma amri ya kuwasha televisheni, kisha king'amuzi, kisha sabufa. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Umeme ulipokatika na kurudi, furaha ikaisha.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ndipo nitakapokaa kidogo. Amri ya kuwasha na kuzima katika vifaa hivi vyote vitatu ni moja. Rimoti haisemi "washa" wala haisemi "zima". Inasema "geuza ulivyo". Kifaa kilichowaka kinazima, kilichozima kinawaka, na rimoti haina njia ya kujua kilikuwa katika hali gani kwa sababu mwanga wa infraredi huenda upande mmoja tu na hakuna jibu linalorudi. Maadamu vyote vitatu viko katika hali moja, kitufe chekundu kinafanya kazi kwa ukamilifu. Lakini umeme unaporudi, kila kifaa kina desturi yake. Televisheni hii hubaki imelala na taa nyekundu. King'amuzi hujiwasha chenyewe na kuendelea na chaneli ya mwisho. Sabufa nayo hujiwasha. Bibi akibonyeza kitufe chekundu katika hali hiyo, televisheni inawaka, king'amuzi na sabufa vinazima, na anabaki akitazama kioo cha bluu kisicho na sauti. Akibonyeza tena, televisheni inazima na vile viwili vinawaka. Anaweza kubonyeza mpaka usiku wa manane na vitatu hivyo havitakutana kamwe.

Tatizo hili limewashughulisha watu wenye fedha na akili nyingi kwa miongo kadhaa. Philips ilitoa rimoti ya vifaa vingi chini ya chapa ya Magnavox mwaka 1985, na mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa kupitia kampuni yake ya CL 9 rimoti ya kujifunza iliyoitwa CORE. Iliyokwenda mbali zaidi katika kukabiliana na suala la hali ya vifaa ilikuwa Harmony, iliyobuniwa na kampuni ya Kanada iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2004. Harmony haikumwuliza mtumiaji anataka kuendesha kifaa kipi. Ilimwuliza anataka kufanya nini, kwa mfano kuangalia televisheni, kisha ikaweka kumbukumbu ya kila kifaa kuwa kimewaka au kimezima na kutuma amri zilizohitajika tu. Kumbukumbu hiyo ilikuwa dhana, kwa sababu rimoti haikuona vifaa. Mtu alipozima kifaa kwa mkono, dhana iliachana na ukweli, na kwa ajili hiyo kuliwekwa kitufe cha msaada kilichomwuliza mtumiaji kama televisheni imewaka au la. Aprili 2021 Logitech ilitangaza kuacha kutengeneza rimoti hizo. Ninaitaja historia hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata rimoti ya gharama kubwa ilimrudishia binadamu swali lile lile, na katika nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa, swali hilo lingeulizwa mara nyingi mno.

Jaribio la tatu la familia lilikuwa simu ya mjukuu mkubwa, iliyo na taa ya infraredi na programu ya rimoti. Ilifanya kazi vizuri, na ilitoka nyumbani pamoja na mwenyewe kila asubuhi.

Njia nyingine niliyoifikiria ni ile ya kuviacha vifaa vizungumze vyenyewe kwa kebo ya HDMI. Ndani ya kebo hiyo, pini ya 13 imetengwa kwa mawasiliano yanayoitwa CEC, ambayo watengenezaji huyapa majina yao: Samsung huita Anynet+, LG huita Simplink, Sony huita Bravia Sync. Kwa CEC, kifaa kinaweza kuiamsha televisheni, na hapo amri huwa na maana moja isiyogeuka, tena kifaa kinaweza kuuliza na kujibiwa. Ningeifuata njia hiyo bila kusita kama king'amuzi kingekuwa nayo. Nilipitia menyu yake yote na kipengele hicho hakikuwemo.

Suluhisho lililobaki lilikuwa kupunguza idadi ya vifaa vinavyohitaji kuambiwa chochote. Vifaa vitatu vinavyogeuzwa haviwezi kwenda pamoja, lakini kifaa kimoja kinachogeuzwa hakina wa kuachana naye, na mtu anaona kwa macho yake kama kimewaka. Niliamua kwamba televisheni peke yake ndiyo itakayowashwa na kuzimwa kwa rimoti. King'amuzi na sabufa vitabaki vimewaka wakati wote ambapo soketi ina umeme, na kwa kuwa vyote viwili hujiwasha umeme unaporudi, kukatika kwa umeme kunavirejesha katika hali ile ile inayotakiwa. Mama mwenye nyumba aliuliza, kwa haki kabisa, kuhusu Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Adapta ya king'amuzi imeandikwa volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 kwa kiwango cha juu. Hata kikiwaka mchana na usiku ni takriban uniti 0.3 kwa siku. Na wakilala, wanazima swichi ya ekstensheni inayobeba vifaa vyote, kama walivyokuwa wakifanya zamani, na asubuhi wakiiwasha mambo yanarudi sawa.

Sauti ndiyo iliyohitaji kufikiriwa zaidi. Nilitoa kebo ya rangi tatu nikaweka HDMI kutoka king'amuzi hadi televisheni, ili picha na sauti zifike pamoja. Kisha nikaiunganisha sabufa kwenye tundu la hedifoni la televisheni. Tundu hilo nimelichagua kwa makusudi. Katika televisheni nyingi, sauti inayotoka kwenye mlango wa optiko, yaani wa kutoa sauti kwa mwanga, ni ya kiwango kisichobadilika, lakini ile ya tundu la hedifoni hupanda na kushuka pamoja na vitufe vya sauti vya televisheni, na spika za ndani hunyamaza plagi inapoingia. Tangu hapo msimamizi wa sauti akawa televisheni peke yake, iwe inaonyesha chaneli, filamu ya kwenye flashi au kitu cha kwenye intaneti. King'amuzi nilikiweka karibu na kiwango chake cha juu na kukiacha, na sabufa nikaiweka kwenye kiwango cha kati kinachoijaza sebule bila kukwaruza. Kuna mvumo mdogo unaosikika ukiweka sikio karibu na spika pasipokuwa na sauti yoyote. Ukikaa kwenye kochi hausikiki.

Sabufa ikiwa haihitaji tena kusikia amri, nililiziba jicho lake, na mgongano wa anwani ukaisha papo hapo. Kipande cha plastiki nyeusi hakikutosha, kwa kuwa baadhi ya plastiki zinazoonekana nyeusi kwetu hupitisha infraredi, na kioo cheusi kilicho mbele ya rimoti nyingi ni mfano wake. Nilitumia karatasi ya aluminiamu ya jikoni, nikaifunika kwa selotepu ili ikae. Watoto wakitaka kupiga muziki wa simu kwa Bluetooth wanatumia vitufe vya mbele vya sabufa. Njia hii inategemea jambo moja ambalo lazima lihakikiwe kabla: sabufa hii hukumbuka mlango na kiwango vilivyotumika mwisho. Zipo sabufa ambazo kila umeme unaporudi huanzia kwenye Bluetooth, na kwa nyumba yenye sabufa ya aina hiyo singeshauri kuziba jicho.

Baada ya mpangilio huo, mahitaji ya bibi yalikuwa yamegawanyika pande mbili tu: kuwasha, kuzima na sauti ni za televisheni, chaneli ni za king'amuzi. Na hapo nikaigeuza rimoti ya asili ya king'amuzi kuiangalia vizuri. Sehemu yake ya juu ilikuwa na vitufe vitano vilivyozungushiwa mstari mweupe na kuandikwa TV: cha kuwashia, cha kubadili mlango, cha kupandisha sauti, cha kushusha, na cha kuseti. Vitufe hivyo ni vya kujifunza. Rimoti za ving'amuzi vingi huwa navyo na ni nadra kumkuta mtu aliyewahi kuvitumia, kwa sababu maelezo yake huwa kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu kilichobaki ndani ya boksi. Familia ilikuwa na rimoti ya vifaa viwili tangu siku king'amuzi kilipofungwa.

Kuifundisha si kazi kubwa, ila ina mtego mmoja. Unashikilia kitufe cha kuseti mpaka taa ibaki imewaka, unabonyeza kitufe cha kufundishwa, taa inaanza kupepesa, unaweka kichwa cha rimoti ya televisheni sentimita chache mbele ya kichwa cha rimoti ya king'amuzi, mbali na jua la dirishani, kisha unabonyeza kitufe cha asili. Mtego uko kwenye kubonyeza huko. Katika utaratibu wa NEC, kitufe kikishikiliwa, ujumbe kamili hutumwa mara moja tu mwanzoni. Baada ya hapo, kila baada ya takriban milisekunde 110, hutumwa alama fupi ya kurudia isiyo na anwani wala amri ndani yake. Mtu akianza kubonyeza kabla rimoti inayofundishwa haijawa tayari, kinachonaswa ni ile alama ya kurudia. Taa itapepesa kuonyesha kwamba imehifadhi, lakini televisheni haitaitikia, na mtu atadhani rimoti ni mbovu. Kwa hiyo subiri taa ianze kupepesa kwanza, ndipo ubonyeze, na ubonyeze mara moja kwa uthabiti.

Ilibaki hatari ya vitufe vya ziada. Rimoti hiyo hiyo ilikuwa bado na kitufe chekundu cha kuzima king'amuzi na vitufe vya sauti vya king'amuzi, na bibi angeweza kuvigusa wakati wowote na kuuvuruga mpangilio. Niliifungua rimoti, nikasafisha mkeka wa mpira, kisha nikabandika vipande vidogo vya selotepu juu ya alama za kaboni zilizo chini ya vitufe hivyo. Kitufe kinabonyea kama kawaida lakini hakigusi kitu, na siku yoyote selotepu inaweza kubanduliwa. Kwenye menyu ya king'amuzi nilizima pia kile kipengele kinachokilaza baada ya saa kadhaa bila kuguswa, maana kikilala sasa hakuna kitufe cha kukiamshia isipokuwa kuzima na kuwasha soketi. Mjukuu wa kike akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, na tone moja likawekwa juu ya kila kitufe cha televisheni anachokihitaji bibi. Rangi ilipokauka ikawa kivimbe anachokipapasa kwa kidole bila kutafuta miwani.

Upungufu mmoja umebaki. Bibi akishikilia kitufe cha sauti, sauti haipandi mfululizo kama kwa rimoti ya asili. Inapanda hatua moja, na inabidi abonyeze tena na tena, kwa kuwa kitufe kilichofundishwa hurudia tu kile kilichonaswa. Alipoelezwa alisema hilo si neno. Kwa watoto upungufu ni mkubwa zaidi: amri za sauti ya kinywa kwenye rimoti ya asili ya televisheni hazipiti kwa infraredi bali kwa Bluetooth, na hakuna rimoti ya kujifunza ya aina hii inayoweza kuzinakili. Rimoti hiyo imebaki kwenye droo ya meza kwa matumizi yao, na rimoti ya sabufa imetolewa betri. Niliondoa betri za rimoti ya bibi na kuzirudisha kuhakikisha kwamba vitufe vilivyofundishwa havijasahau, na havikusahau. Televisheni ikija kubadilishwa, vitufe hivyo vinne vitafundishwa upya kutoka kwenye rimoti mpya; hatua zake mjukuu wa pili ameziandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha karatasi ngumu na kukibandika chini ya king'amuzi, pamoja na onyo la kusubiri taa ipepese kwanza.